Namna ya Kujiandaa na Usaili wa Hakimu Mkazi kwa Upande wa Mashauri ya Madai

Tume ya Utumishi wa Mahakama inapotangaza nafasi za Hakimu Mkazi nchini Tanzania, waombaji wengi huwa na sifa zinazofanana kwenye karatasi: shahada ya sheria, mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, na pengine muda fulani wa kazi katika ofisi ya mawakili. Kinachowatenganisha ni namna kila mmoja anavyofikiri anapowekewa mgogoro mbele yake. Masomo ya sheria, hasa yale ya vitendo, humzoesha mtu kusimama upande mmoja na kuutetea, ilhali usaili huu unamtafuta mtu anayeweza kuwasikiliza wadaawa wote wawili, akaamua, kisha akaeleza sababu za uamuzi wake kwa namna ambayo hata aliyeshindwa ataielewa. Maandalizi yasiyolenga badiliko hilo huishia kwenye kukariri vifungu.

Anza na tangazo lenyewe, ulisome hadi mwisho, na uhakikishe kwamba majina yaliyo kwenye vyeti vyako vyote yanalingana, kwa kuwa hilo likiachwa huwa gumu kurekebishwa dakika za mwisho. Baada ya hapo elekeza nguvu kwenye sheria.

Kwa upande wa madai, msingi ni Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Na Sheria ya Ndoa, Sura ya 29. Usisahau upande wa jinai, kwa sababu Hakimu Mkazi husikiliza mashauri ya aina zote mbili, ingawa makala haya yanahusu madai peke yake. Angalia pia unasoma toleo lipi. Urekebu wa Sheria wa mwaka 2023, ulioanza kutumika Julai 1, 2025, umebadilisha namba za vifungu katika sheria kadhaa, wakati hukumu karibu zote utakazozisoma zinataja namba za zamani. Ni busara kuandika namba zote mbili pembeni mwa daftari lako na, muhimu zaidi, kujua kifungu kinasema nini, kwa kuwa anayeeleza kanuni kwa usahihi na kukosea namba yuko mahali pazuri kuliko anayetaja namba bila kuelewa kilichomo.

Swali la kwanza katika kila mgogoro ni mamlaka ya mahakama. Jizoeshe kuliuliza kabla ya kugusa jambo jingine lolote: shauri linahusu nini, thamani yake ni kiasi gani, chanzo cha madai kilitokea wapi, na mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka ni ipi. Mtego wa kawaida ni ardhi. Ukipewa mgogoro wa umiliki wa kiwanja uliofunguliwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi, usianze kuchambua hati ya umiliki na ushahidi wa majirani, kwa maana migogoro ya ardhi imewekewa vyombo vyake chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, yakiwemo Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Mabaraza ya Kata yamebaki na kazi ya kusuluhisha tu. Uchambuzi mzuri wa ushahidi katika shauri ambalo mahakama haina mamlaka nalo hauna thamani yoyote.

Ukishavuka mamlaka, tazama ukomo wa muda, na hapa inafaa kukaa kidogo kwa mfano wa kubuni. Fundi ujenzi alimaliza kazi mwaka 2017, akaahidiwa kulipwa mwaka huohuo shilingi 8,000,000, hakulipwa, na akafungua shauri mwaka 2025. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, hivyo mdaiwa anaweka pingamizi la awali kwamba muda umepita. Fundi anajibu kwamba mwaka 2021 mdaiwa alimwandikia barua, akaisaini, akikiri deni. Wakili wa mdaiwa angeishia kwenye hesabu ya miaka 8, na wakili wa fundi angeishia kwenye barua, lakini hakimu ana maswali zaidi. Kukiri deni kwa maandishi yaliyosainiwa kabla ya ukomo kufika huanzisha hesabu upya, hivyo muda ungeishia 2027. Je, hati ya madai imeitaja barua hiyo? Amri ya VII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamtaka mdai anayefungua shauri nje ya muda aeleze katika hati yake sababu ya kusamehewa ukomo. Je, mdaiwa anakana saini? Akikana, jambo hilo linahitaji ushahidi, na kwa kanuni ya shauri la Mukisa Biscuit la mwaka 1969 pingamizi la awali ni lazima liwe hoja ya kisheria tupu isiyohitaji kuthibitishwa kwa ushahidi. Na ikionekana kwamba kweli muda umepita, amri inayofaa ni kulitupa shauri, si kuliondoa mahakamani ili lirudi tena, na hivyo ndivyo ilivyo hata kama mdaiwa hakuutaja ukomo katika utetezi wake. Tunga migogoro ya namna hii mwenyewe, uijibu kwa maandishi, kisha ubadilishe jambo moja tu katika maelezo na uone uamuzi unavyogeuka.

Hukumu nayo ina umbo lililowekwa na sheria. Amri ya XX ya sheria hiyohiyo ya mwenendo inataka maelezo mafupi ya shauri, hoja bishaniwa, uamuzi juu ya kila hoja, na sababu zake. Wasailiwa wengi hurefusha sehemu ya kwanza kwa kunakili ushahidi wa kila shahidi, kisha uchambuzi ukabaki na mistari mitatu. Fanya kinyume chake: fupisha simulizi, onyesha nani alikuwa na mzigo wa kuthibitisha, sema umeamini ushahidi upi na kwa nini, pima kwa mizania ya uwezekano, yaani upande upi unaelekea zaidi kuwa wa kweli, kisha maliza kwa nafuu unazotoa, gharama na haki ya kukata rufaa.

Katika kusoma maamuzi, hukumu chache zilizosomwa kikamilifu kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bora kuliko muhtasari wa mamia. Chukua mfano wa kanuni ya lengo kuu iliyoingizwa katika sheria mwaka 2018 ili mahakama zisifungwe na ufundi: isome pamoja na uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Mondorosi Village Council, uliosema kwamba kanuni hiyo haitumiki kuvunja masharti ya lazima ya mwenendo. Msailiwa anayejua mpaka huo ulipo hujibu kwa utulivu pale wengine wanapokimbilia kusema kwamba kila kasoro inasameheka.

Fanya mazoezi hayo kwa Kiswahili pia, kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya kuwa lugha ya utoaji haki, na aliyefundishwa sheria kwa Kiingereza hukwama kwenye maneno kama tuzo (decree), kukazia hukumu (execution) na amri ya zuio (injunction).

Mahojiano ya ana kwa ana hupima tabia pamoja na maarifa. Tarajia maswali ya Ibara ya 107A na 107B za Katiba, zinazohusu mamlaka na uhuru wa Mahakama, muundo wa Tume yenyewe, kamati za maadili za wilaya na mkoa, na hali halisi: mdaiwa ni jirani yako, mdai amekupigia simu usiku, kiongozi wa wilaya anaulizia shauri lililo mbele yako. Jibu kwa hatua utakazochukua, ukianza na kutozungumzia shauri nje ya mahakama na kuwajulisha wadaawa wote pale panapopaswa, na usitoe hotuba kuhusu uadilifu. Usipojua jibu la swali la sheria, sema hujui na ueleze ungelitafuta katika sheria ipi.