Somo: Kulitambua kanisa la Kigothi (msinitumie tena picha za milango)

Wakuu, salaam. Wiki hii nimeletewa picha za makanisa tisa, swali lile lile: "Mkuu, hili ni la Kigothi?" Kigothi ni mtindo wa ujenzi ulioanzia Ufaransa karne ya 12. Kuanzia leo ukiniuliza nakuelekeza hapa. Mfano wangu ni Chartres, Ufaransa, mwendo wa saa moja na ushee kwa treni kutoka Paris. Kanisa la awali liliungua mwaka 1194, na sehemu kubwa ya hili la sasa ilisimama ndani ya miaka kama thelathini tu.

Hatua ya 1. Zunguka nje kwanza. Usiingie.

Hatua ya 2. Rudi nyuma hadi uone jengo zima.

Hatua ya 3. Matao. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilipoanza kuongoza wageni nilisimama mbele ya kundi nikatamba: "Mkiona tao lenye ncha, hilo ni la Kigothi." Mama mmoja wa Kilwa akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na msikiti wetu mkuu wa kule Kisiwani nao?" Nikabaki kukohoa. Tao lenye ncha limo katika msikiti wa Ibn Tulun, Cairo, uliokamilika mwaka 879. Abate Suger, mkuu wa monasteri ya Saint-Denis karibu na Paris, alizindua upande wa altare wa kanisa lake, ambako wengi huanzia kuhesabu Ugothi, mwaka 1144. Hesabu mwenyewe nani alitangulia. Waashi wa Ufaransa walilipenda tao hilo kwa kazi yake: la duara kimo chake hufungwa na upana wake, la ncha unalipandisha utakavyo, na halisukumi sana pembeni.
TAHADHARI: usiamue kwa mlango. Usiamue kwa picha moja ya mbele. Na ukikosea, usikosee mbele ya mtu wa Kilwa.

Hatua ya 4. Fuata mzigo. Sasa ingia, inua kichwa. Mbavu za mawe zinazokatana darini hukusanya uzito na kuushusha kwenye nguzo. Msukumo wa pembeni hupokelewa nje na yale matao ya kuegemeza uliyoyaona ulipozunguka, mfano wa mtu anayezuia mlango kwa mikono iliyonyooka. Ukuta ukishatuliwa mzigo, unautoboa upendavyo. Huo ndio Ugothi.

Hatua ya 5. Vioo. Suger aliamini mwanga wa macho humpandisha mtu kwenye nuru ya Mungu, ndiyo maana matobo yale hayakuachwa wazi wala kuwekwa kioo cheupe, bali vioo vya rangi vyenye picha. Mimi navutiwa zaidi na sehemu za chini za madirisha ya Chartres: waokaji mikate na washona viatu wako kazini, vyombo mkononi, chini ya watakatifu.

Maswali:

mtu_wa_fasta: Ndefu sana mkuu. Kwa hiyo magofu ya Gedi ni Gothic? Yana ncha.
— Hatua ya 3.

mtu_wa_fasta: Jibu tu ndiyo au hapana.
— Hapana.

Msomaji77: Wagothi ndio walioyajenga?
— Hapana. Jina ni tusi. Waitaliano wa karne ya 16 waliuona mtindo huu wa kishenzi, wakawabandikia Wagothi walioivamia Roma zamani. Waliojenga Chartres hawakujua kwamba wanajenga "Kigothi".

binti_Mkunazini: Shikamoo. Kanisa letu hapa Unguja, lililojengwa penye soko la watumwa baada ya kufungwa 1873, je? Madirisha yana ncha, ila kuta ni nene.
— Marahaba, umetazama vizuri kuliko wengi. Umbo limeazimwa, lakini kuta za mawe ya matumbawe ndizo zinazobeba. Litazame pia kwa mapambo yake ya Kiarabu. Ni mchanganyiko wake lenyewe.

Fundi_Chokaa: Mimi mwashi, Bagamoyo. Chokaa haishiki haraka. Dari la kimo kile walilizuiaje?
— Ahsante kwa swali hili, fundi. Walitanguliza fomu za mbao chini ya mbavu, wakasubiri chokaa ikaze ndipo wazitoe. Mawe yalipandishwa kwa winchi ya gurudumu kubwa, watu wakitembea ndani yake. Na walikosea pia: kanisa la Beauvais, Ufaransa, walipandisha dari hadi karibu mita 48, sehemu yake ikaporomoka mwaka 1284. Wakarudi wakaongeza nguzo katikati. Kanisa lile halijakamilika hadi leo.

Fundi_Chokaa: Kwetu nyumba za mawe zilipimwa na boriti za mikoko. Boriti ikiishia, chumba kimeishia.
— Fungua uzi wa hilo, fundi. Nitakuwa wa kwanza kusoma.

binti_Mkunazini: Nikijaaliwa kufika Chartres, nianzie wapi?
— Beba darubini ndogo, madirisha yako juu mno. Na sakafuni kuna mchoro wa njia ya kuzungukazunguka, upana kama mita 13, ambao siku nyingi hufunikwa na viti. Uliza kabla ya kukata tiketi ni siku gani wanaviondoa.