Watu kumi, timu mbili: kugawa mechi isiwe ya upande mmoja

Ukiwa na watu kumi wa Mobile Legends au Dota 2, michezo ya mtandaoni ya timu, watano kwa watano, kuna njia 126 za kuwagawa. Nyingi katika hizo zinatoa mechi ambayo mapema tu kila mtu keshajua mwisho wake, na lawama zake zinafika barazani kesho yake. Anayefungua rumu, yaani chumba cha mechi ndani ya mchezo, anatakiwa aipate moja katika zile chache zilizo sawa, na kwa hilo daftari la pointi za kila mtu linasaidia kuliko jicho.

Ranki, yaani daraja analopewa mchezaji na mchezo wenyewe, isikuongoze peke yake. Inapimwa kwenye akaunti, si kwa mtu, na akaunti huazimana ndugu kwa ndugu. Isitoshe, katika Mobile Legends kuna pointi zinazomlinda mchezaji asipoteze nyota za kupandia ranki baada ya baadhi ya mechi alizofungwa, kwa hiyo mwenye muda wa kucheza kila usiku hupanda kumpita mwenziwe anayemzidi uwezo. Idadi ya kuua nayo hudanganya. Aliyeua 15 mara nyingi ndiye aliyeachiwa dhahabu ya timu nzima, ile fedha ya mchezo ya kununulia silaha. Sapoti, yaani anayecheza kwa kuwasaidia wenzake, aliyeua mmoja na kusaidia mara 18 ndiye aliyemfungulia njia.

Mtu usiyemjua, mwombe rekodi za mechi mbili alizofungwa. Alizoshinda hazisemi mengi. Kila anapokufa, rudisha nyuma sekunde kumi, simamisha, kisha uitazame ramani ndogo pembeni ya kioo. Maadui wangapi walikuwa wanaonekana? Kama watatu katika watano hawapo popote na yeye bado anasonga mbele peke yake kuvunja mnara, hiyo ndiyo kasoro yake, na utaiona tena kwenye vifo vyengine. Mzuri hurudi nyuma kabla hajamwona mtu, kwa sababu kutoonekana kwao kumeshampa habari. Angalia pia kama hufa timu inapokaribia kupigania Lord (Mobile Legends) au Roshan (Dota 2), dubwana kubwa linaloipa nguvu timu inayoliua. Kifo kimoja hapo kina uzito kuliko vitatu vya mwanzo.

Daftari lenyewe tumia hesabu ya Elo. Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, aliitengeneza kwa ajili ya chesi, na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ikaanza kuitumia mwaka 1970. Kila mtu mwanzishie 1500. Timu chukua wastani wa watu wake watano. Tofauti ya pointi 100 ina maana wenye nguvu wanatarajiwa kushinda mara 64 katika 100. Tofauti ya 200, mara 76. Ya 400, mara 91. Baada ya mechi, zidisha 32 kwa sehemu ambayo matokeo yamepishana na matarajio. Kwa hiyo timu iliyotarajiwa 64 ikishinda, imepishana kwa 0.36, na kila mchezaji wake anapata 12 tu, na wapinzani wanapoteza 12. Wanyonge wakishinda, wanapata 20 kila mmoja. Mtu akishafikisha mechi 30, badala ya 32 tumia 16, pointi zake zitulie.

Hesabu hii inamtenga mtu na timu yake iwapo tu mnachanganyana. Wawili wakiwa siku zote upande mmoja, daftari haliwezi kusema nani anambeba mwenziwe.

Sasa mgao. Tuseme mna 1700, 1620, 1560, 1500, 1480, 1450, 1400, 1350, 1300 na 1240. Manahodha wakichagua mmoja mmoja kwa zamu, kama tunavyofanya kwenye mpira wa ufukweni, wa kwanza anapata jumla ya 7440 na wa pili 7160: anayeanza ana nafasi 58 katika 100 hata mechi haijaanza. Badala yake pitisheni zamu kama nyoka. Wa kwanza achague mmoja, wa pili wawili, wa kwanza wawili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Jumla zinakuwa 7330 na 7270, na nafasi inashuka hadi 52 kwa 48.

Kisha ndipo tazama nafasi za uwanjani, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Watano wote waliozoea kubeba mechi hawafanyi timu, kwa sababu dhahabu haiwatoshi. Mwenye 1600 akicheza msitu (maeneo yaliyo kati ya njia za ramani) asihesabiwe 1600 akilazimishwa sapoti. Pointi za nafasi anayoizoea ziandike kando na za nafasi nyengine. Badilisha watu wawili waliokaribiana pointi mpaka kila upande uwe na sapoti wa kweli. Marafiki waliozoeana miezi mingi watenganishe.

Mtandao ni sehemu ya uwezo usiku huo. Aliyeko Mjini Unguja kwenye faiba na aliyeko Micheweni, Pemba, kwenye bando la simu hawagusi kitufe kwa wakati mmoja, hata wakigusa pamoja. Pima pingi, yaani milisekunde ambazo amri yako inachukua kwenda kwenye seva (kompyuta inayoendesha mechi) na kurudi, dakika tano kabla. Ya 90 iliyotulia ni bora kuliko ya 50 inayorukaruka hadi 300. Kwenye Dota 2 mwenye rumu huchagua seva. Achague ile ambayo wote kumi wamekaribiana, hata kama si iliyo bora kwake. Umeme ukikatika kwa mtu na asirudi, mechi hiyo isiingie daftarini.

Msikimbilie kubadilisha utaratibu kwa matokeo machache. Katika mechi 20, timu moja iliyo sawa kabisa na nyengine hufikisha ushindi 12 au zaidi kwa bahati tupu takriban mara moja katika nne. Ngojeni mechi zifike 50. Aliyekaa miezi mitatu bila kucheza, mwacheni na pointi zake, ila mrudishieni ile 32 kwa mechi kumi za mwanzo.