Kabla ya kunywa mvinyo ili ulale: piga hesabu ya melatonini

Mimi ni mfamasia, na tangu habari za melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, kwenye zabibu zienee, swali ninaloulizwa ni lile lile: glasi ya mvinyo usiku itanipa usingizi? Huwa natoa karatasi na kalamu tukapiga hesabu pamoja. Ukishaijua hesabu hii, hakuna tangazo litakalokuyumbisha kwa maneno "ina melatonini".

Anza na kipimo. Mwaka 2006 watafiti wa Milan, Italia, walieleza kwamba wameikuta melatonini kwenye maganda ya zabibu za mvinyo. Iliyoongoza ni aina ya Nebbiolo, yenye karibu nanogramu 1 kwa kila gramu ya ganda. Soma hapo polepole: wanazungumzia ganda, si tunda zima, na kipimo ni nanogramu. Nanogramu 1,000 ni mikrogramu 1, na mikrogramu 1,000 ni miligramu 1. Wengi hupotelea hapa, kwa kuwa "ng" na "mg" hazitofautiani sana machoni, ilhali moja ni kubwa kuliko nyingine mara milioni.

Sasa weka dozi kando yake. Dozi ndogo ya melatonini inayotumika kusaidia usingizi ni kama miligramu 0.3, yaani mikrogramu 300. Kilo nzima ya maganda ya Nebbiolo ina mikrogramu 1 tu, kwa hiyo ungehitaji kilo 300 za maganda matupu. Kwa mvinyo, chukua nusu nanogramu kwa mililita, kiwango kilichowahi kupimwa katika mvinyo mwekundu wa Sangiovese, aina nyingine ya zabibu. Glasi ya mililita 150 inabeba nanogramu 75. Kufikia dozi ile ni glasi 4,000. Hata ukikutana na ripoti yenye kiwango kikubwa mara 100, bado ni glasi 40, na hakuna mwili wa kuzibeba.

Ripoti za mvinyo pia zisome kwa uangalifu. Chachu hutengeneza melatonini wakati wa kuchachusha, hilo ni kweli. Lakini zipo kemikali zinazofanana nayo sana kwenye mashine za kupimia. Moja iliyodhaniwa kuwa pacha wake ndani ya mvinyo ilikuja kutambuliwa kuwa esta ya triptofani, kemikali nyingine kabisa. Makala isiyoeleza vipimo vilifanywaje, mimi siiamini.

Baada ya hesabu, itazame pombe yenyewe, maana hapa ndipo penye madhara. Pombe hukusinzisha haraka, ndiyo sababu watu wanaapa kwamba mvinyo unawasaidia. Lakini usingizi wa ndoto hupungua mapema usiku, na ini linapoimaliza pombe, usingizi wa nusu ya pili ya usiku hukatikakatika. Pombe hulegeza misuli ya koo, hivyo anayekoroma hukoroma zaidi, na mwenye tatizo la pumzi kukatika usingizini huzidiwa. Isitoshe, pombe jioni huweza kupunguza melatonini ambayo ubongo wako mwenyewe ungeitoa.

Kwa hiyo, kula zabibu kama tunda, pamoja na maganda yake, kwa ladha na nyuzinyuzi. Kama unakunywa mvinyo, unywe pamoja na chakula cha jioni, kidogo, kisha zipite saa kadhaa kabla ya kulala. Usiongeze glasi kwa sababu ya usingizi. Anayefanya hivyo mwili huzoea, kesho akahitaji mbili. Kama hunywi, melatonini si sababu ya kuanza. Na tafadhali, usichanganye pombe na diazepamu au dawa nyingine yoyote ya usingizi: zikiwa pamoja huweza kupunguza kasi ya kupumua, na watu hufa hivyo. Vidonge vya melatonini navyo visimezwe na mvinyo.

Ukitaka kuisaidia melatonini yako, punguza mwanga. Tezi iliyomo ndani ya ubongo huitoa gizani, na taa kali au skrini ya simu huichelewesha. Zima taa kubwa saa moja au mbili kabla ya kulala, amka muda ule ule kila siku, na asubuhi toka nje upate jua.

Ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, na hali hiyo ikafika miezi 3, mwone daktari, umweleze dawa zote unazotumia na kiasi cha pombe unachokunywa bila kupunguza hata glasi moja.