Namna ya Kuandika Wasifu wa Mama kwa Ajili ya Mazishi

Katika mazishi mengi ya Kisumu na Magharibi mwa Kenya, wasifu wa marehemu huchapishwa katika kijitabu cha ibada na kusomwa mbele ya waombolezaji, kwa hiyo uandikwe mapema, kabla uchovu wa matanga haujawazidi wanafamilia. Tarehe za kuzaliwa, masomo na ndoa zinatosha kwa aya moja; zihakikishe kwa kitambulisho na cheti cha ubatizo, kwa maana wazee wa boma hawatanyamaza wakisikia kosa.

Nafasi kubwa ipewe maisha yenyewe. Badala ya kuandika kwamba alikuwa mcha Mungu, jambo ambalo husemwa juu ya karibu kila marehemu, waulize wenzake wa jumuiya ya kanisani ni wagonjwa gani aliowatembelea, na aliwezaje kufika kwenye sala za jioni baada ya kufunga kibanda chake, tuseme katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Ucheshi wake nao usifichwe kwa kuogopa uzito wa siku: jinsi alivyowatania wateja, au alivyowajua makanga wa matatu kwa majina, humrudisha mama yule yule machoni pa wasikilizaji. Kuhusu kazi, wenzake wa chama cha kuweka akiba hujua mengi ambayo watoto hawakuyaona, hasa alikotoa karo.

Ukishaandika, usome kwa sauti. Ukizidi dakika tano, punguza orodha ya jamaa, ambayo kijitabu kitaibeba. Msomaji awe mtoto anayeweza kujizuia kulia, na mwingine akae karibu na nakala ya pili.