Somo: Kipande kimoja cha uvimbe, picha tatu

Rangi ya hematoksilini na eosini huonyesha viini vya seli kwa zambarau, na hapo ndipo saratani husomwa. Lakini kolajeni, protini ya nyuzi zinazoshikilia tishu, inayouzunguka uvimbe hubaki waridi tupu, nyuzi hazifuatiliki. Leza huzitoa wazi, mradi ufuate hatua hizi kwa mpangilio wake.

1. Kata kipande cha mikromita 5, kibandike kwenye slaidi, ondoa parafini (nta iliyoshikilia tishu) yote kwa zailini, kiyeyushi chake. Usipake rangi bado! Eosini nayo hung'aa chini ya leza na kumeza mng'ao hafifu wa tishu.

2. Washa leza ya hadubini, ya mipigo mifupi, nanomita 800. Kolajeni hugeuza fotoni (chembe za mwanga) mbili kuwa moja ya nanomita 400, nusu kamili. Weka kichujio cha 400: kila kitu giza, kisha nyuzi zinajitokeza kama nywele zilizochanwa. Ni picha ninayoipenda kuliko zote.

3. Bila kugusa slaidi, badili kichujio upokee nanomita 450 hadi 550. Hapo seli na elastini, protini ya nyuzi zinazonyumbuka, hung'aa.

4. Sasa paka rangi slaidi ileile, upige picha kwa mwanga wa kawaida.

5. Oanisha picha zote tatu kwa programu, ukiweka alama mahali palepale katika kila picha. Alama tatu zisizo kwenye mstari mmoja zinatosha kihesabu, ila kipande huvutika kikioshwa, kwa hiyo mimi huweka kama kumi. Chagua panapogawanyika mishipa ya damu, si kingoni, maana kingo hujikunja.

Kisha kagua mpaka wa uvimbe. Katika saratani ya matiti, utafiti wa 2011 ulihusisha nyuzi zilizosimama wima dhidi ya mpaka huo na uhai mfupi wa wagonjwa.

MASWALI

– Mwalimu, si rahisi kutumia vipande viwili vilivyofuatana, kimoja leza, kingine rangi?
– Ni rahisi, na kwa sura ya jumla inafaa. Mpakani hapana: kiini ulichokiona huku huenda kule hakipo.

– Mbona nyuzi nyingine zipo kwenye rangi lakini kwenye leza hazipo?
– Leza yako inatetema upande mmoja. Nyuzi zilizolala upande huo huwaka, zilizokingama hufifia. Weka bamba la robo wimbi, mtetemo uzunguke. Zinazoelekea kwenye lenzi zitabaki hafifu hata hivyo.

– Hatua ya 3 inaonyesha seli zinavyotumia nishati?
– Hapana, ndugu. Hilo lataka tishu mbichi. Formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, huvuruga mng'ao wa NADH (molekuli ya seli inayohusika na nishati) na kuongeza mng'ao wake yenyewe.