Somo: Namna ya Kujadili Pambano la Mabingwa Wasiowahi Kukutana, kwa Mfano wa Ali na Tyson

Mjadala wa nani angempiga nani ni sehemu halali ya elimu ya ndondi, kwa kuwa humlazimisha shabiki kurudia mapambano ya zamani na kuyatazama kwa makini zaidi. Hata hivyo, mingi huishia kwenye kelele kwa sababu wanaobishana hawajakubaliana wanamzungumzia bondia wa mwaka gani, na kwa kanuni zipi. Nitatumia pambano linalozua ubishi mkubwa katika uzito wa juu: Muhammad Ali dhidi ya Mike Tyson.

Hatua ya 1: Taja usiku wenyewe

Jina la bondia peke yake halitoshi. Ali aliyemsimamisha Cleveland Williams katika raundi ya 3 mjini Houston, Novemba 14, 1966, alikuwa na umri wa miaka 24 na miguu iliyomweka mbali na ngumi za mpinzani muda wote. Ali wa Kinshasa, Oktoba 30, 1974, alikuwa amekwisha kupoteza zaidi ya miaka mitatu nje ya ulingo, na miguu ile hakuwa nayo tena. Ndiyo maana aliegemea kamba na kumwacha George Foreman ajichoshe hadi alipomwangusha katika raundi ya 8. Vivyo hivyo, Tyson aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91, Juni 27, 1988, si yule aliyeangushwa na James Douglas mjini Tokyo, Februari 11, 1990. Anayemchagua Ali wa Houston hana haki ya kumpa mwenzake Tyson wa Tokyo.

Hatua ya 2: Kubalianeni kanuni kabla ya kutaja mshindi

Hapa ndipo mijadala mingi hupotea, na kwa maoni yangu ndiyo hatua nzito kuliko zote. Ali alitetea ubingwa wake katika mapambano ya raundi 15, ilhali Tyson hakuwahi kupigana zaidi ya raundi 12. Mabadiliko hayo yalitokana na kifo cha bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, aliyefariki siku chache baada ya kupigwa na Ray Mancini mjini Las Vegas, Novemba 13, 1982, katika pambano lililofika raundi ya 14. Baraza la WBC, moja ya vyama vinavyosimamia ubingwa wa ndondi duniani, lilipunguza raundi kuwa 12, na vyama vingine vikafuata ndani ya muongo huo.

Asidhani mtu kwamba raundi tatu ni jambo dogo. Septemba 16, 1981, Thomas Hearns alikuwa akiongoza kwa pointi kwenye karatasi za majaji wote watatu, kisha Sugar Ray Leonard akamsimamisha katika raundi ya 14. Kwa kanuni za leo, mkanda ungekwenda kwa Hearns. Kubalianeni pia kuhusu refa: je, ni mkali kwa anayemkumbatia mpinzani, au anamvumilia? Ali alikuwa hodari wa kukamata shingo ya mpinzani anayeingia ndani, na uamuzi huo pekee unaweza kugeuza pambano zima.

Hatua ya 3: Pima uzito wa ushahidi

Usiku wa Houston unapendeza, lakini Williams alikuwa amejeruhiwa vibaya kwa risasi ya polisi mwaka 1964 na hakuwa tena bondia wa awali. Spinks naye alikuwa amepanda kutoka uzito wa chini. Basi punguzeni uzito wa ushahidi huo kwa pande zote mbili. Kuhusu maumbile, Ali alikuwa mrefu zaidi kwa takribani sentimita 13, lakini katika siku hizo mbili Tyson ndiye aliyekuwa mzito zaidi, kilo 99 dhidi ya 96 hivi.

Hatua ya 4: Linganisha mitindo, si orodha za ushindi

Joe Frazier alimshinda Ali mwaka 1971, Foreman akamwangusha Frazier mara sita mwaka 1973, kisha Ali akamshinda Foreman. Kumbe kumshinda aliyemshinda fulani hakumaanishi utamshinda fulani huyo; mtindo ndio huamua. Basi tafuteni, kati ya watu aliokutana nao bondia wenu, yule anayefanana kimtindo na mpinzani mnayemfikiria. Ngumi ya kushoto ya kuzungusha, silaha kuu ya Tyson, ndiyo iliyomwangusha Ali mikononi mwa Henry Cooper na Frazier. Kwa upande wa pili, Douglas alionyesha kinachompata Tyson anapokutana na mtu mrefu mwenye ngumi ndefu iliyonyooka.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini tusiiachie kompyuta iamue?

Jibu: Jambo hilo lilijaribiwa, ndugu yangu. Ali na Rocky Marciano, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, walirekodiwa mwaka 1969 wakiigiza pambano ambalo matokeo yake yalisemwa kukokotolewa na kompyuta, na filamu ikaonyeshwa Januari 1970, baada ya Marciano kufariki. Marekani walimwona Marciano akishinda kwa nokauti katika raundi ya 13. Ulaya ilionyeshwa toleo ambalo Ali ndiye mshindi.

Swali: Je, ni haki kumpambanisha Joe Louis, bingwa wa zamani mwenye kilo 90 hivi, na Wladimir Klitschko, bingwa wa miaka ya karibuni zaidi aliyezidi kilo 105?

Jibu: Ni haki, mradi mtenganishe maswali mawili. Nani mkubwa zaidi kihistoria? Louis alitetea ubingwa mara 25 kati ya 1937 na 1949, na hilo linajitetea lenyewe. Nani angeshinda usiku huo? Louis aliwaangusha majitu kama Primo Carnera na Buddy Baer, lakini hao hawakuwa na ufundi wa Klitschko, na kwa swali hili la pili ninaegemea kwa Klitschko.

Swali: Na wewe mwalimu, kati ya Ali na Tyson unampa nani?

Jibu: Kwa Ali wa 1966 na Tyson wa 1988, raundi 15, refa mvumilivu, ninampa Ali, naye angemsimamisha Tyson baada ya raundi ya 10. Kwa raundi 12 na refa anayekataza kukumbatiana, bado ninampa Ali kwa pointi, lakini raundi nne za mwanzo nisingethubutu kupepesa macho.