Studio ya chumbani: kuiandaa leptopu ya kawaida irekodi sauti bila kuchelewa

Mwongozo huu ni wa mwenye leptopu ya Windows iliyotumika, zile Dell Latitude, EliteBook na ThinkPad zinazouzwa Kariakoo, anayetaka kurekodi mwimbaji na gitaa chumbani kwake. Usikimbilie kununua mashine mpya. Hiyo uliyonayo huenda inatosha, ila ukiitumia kama ilivyotoka dukani mwimbaji atajisikia kwa kuchelewa, na hapo hata mwenye kipaji anaonekana hajui kwenda na mdundo.

1. Kagua mashine

RAM ya GB 8 inatosha kuanzia. 16 ni raha. Kama bado ina diski ya zamani ya kuzunguka (HDD), weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi, kabla hujanunua kitu kingine chochote. Traki moja ya mono, yaani mstari mmoja wa sauti kama wa mwimbaji peke yake, kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, inakula kama MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 20 unakaribia MB 700, na hapo hujahesabu zile "ngoja nirudie" za mwimbaji.

2. Saundi kadi ya nje

Tundu la maiki la leptopu lisahau. Tafuta saundi kadi ndogo ya USB, kifaa cha kuingizia na kutolea sauti, mfano Focusrite Scarlett Solo, na uichomeke kwenye leptopu yenyewe, si kwenye habu ya kugawia USB. Draiva (programu inayoiunganisha kadi na Windows) ya aina ya ASIO, ile inayopunguza kuchelewa, ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji. ASIO4ALL ni ya kuvukia tu, kwa kadi isiyo na draiva yake.

Maiki ya kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwenye kadi. Ya dainamiki kama Shure SM58 haihitaji. Kama dirisha lako linatazama kituo cha bodaboda, chukua dainamiki. Kondensa itakurekodia mtaa mzima.

3. Tuliza Windows

Weka mpangilio wa umeme wa High performance, zuia USB isijizime yenyewe, nyamazisha sauti za arifa, na zima Wi-Fi wakati wa kurekodi. Ikiendelea kukwama, programu ya bure ya LatencyMon itakuonyesha draiva inayosumbua. Mara nyingi ni ya Wi-Fi.

4. Bafa

Hapa usiwe na haraka. Bafa ni kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukishughulikia. Kwa kilohezi 48, bafa ya sampo 512 (sampo ni kipande kidogo kabisa cha sauti) ni karibu milisekunde 10.7 kwenda tu, yaani kuingia kwenye kompyuta. Ongeza kurudi na kazi ya kadi yenyewe, unavuka 20. Mwimbaji hatakwambia "milisekunde". Atavua upande mmoja wa hedifoni ajisikie kwa sikio tupu, kisha ataanza kuburuta maneno. Ukiona hivyo, simamisha kazi uangalie bafa.

Wakati wa kurekodi weka 128, ambayo ni kama milisekunde 2.7 kwenda. Ukisikia mikwaruzo, usipandishe bafa kwanza: zima plagini (programu ndogo za kupamba sauti) nzito, gandisha (freeze) traki zilizokamilika ili zisiichoshe kompyuta, ndipo uende 256. Ukifika kwenye miksi, yaani kusawazisha traki zilizokwisha kurekodiwa, weka 1024, maana hakuna anayeimba.

Kadi nyingi pia zina swichi ya kumpelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja, bila kupita kwenye kompyuta. Ukiiwasha, zima usikilizaji wa traki hiyo ndani ya programu, la sivyo atajisikia mara mbili.

5. Programu

Programu ya kurekodia ya Reaper unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Wengi wetu tumezoea FL Studio, lakini kabla ya kununua hakikisha toleo unalochagua linarekodi sauti. Producer na yaliyo juu yake yanarekodi. Za kukraki achana nazo, mara nyingi zinakuja na virusi. Mwenye Mac ana GarageBand bure, na habari za ASIO hazimhusu.

6. Geini

Usipime kwa "cheki, moja, mbili". Mwambie aimbe kiitikio kwa nguvu zote, kisha rekebisha geini (kitasa cha kiwango cha maiki kwenye kadi) mpaka vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli -12. Biti 24 zina nafasi ya kutosha, hakuna haja ya kuisukuma ifike 0.

7. Mvumo na chumba

Ukisikia mvumo mzito, chomoa chaja. Ukikatika, tatizo liko kwenye chaja au ethi (waya wa umeme unaoingia ardhini): tumia soketi yenye ethi nzima na kila kifaa kitoke ekstensheni moja. Pini ya ethi usiikate hata ukishauriwa na fundi.

Trei za mayai ukutani hazisaidii kitu cha maana. Tundika mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji, au msimamishe mgongo wake uelekee kabati la nguo lililo wazi.

8. Jaribio la mwisho

Bana hedifoni kwenye maiki, piga mlio wa metronomu (kipima mdundo cha programu) na uurekodi kwenye traki mpya. Vuta picha ya mawimbi karibu, pima umbali kati ya mlio wa asili na uliorekodiwa. Kama uliorekodiwa umechelewa, draiva inaidanganya programu: ingiza tofauti hiyo kwenye mipangilio ya kurekodi, kisha rudia mpaka milio miwili ikae juu ya mstari mmoja.